Mwaija na Maua ya Viazi

Mwaija binti Husseni aliolewa Mlingotini mwaka 1936, akiwa na miaka kumi na minane, na tangu kuzaliwa alikuwa hajashika jembe. Baba yake alikuwa fundi wa kanzu huko Bagamoyo mjini, mama yake akitarizi kofia, na yeye alikulia juu ya jamvi, sindano mkononi, macho yakiwa mbali. Watu wa mtaani kwao walimjua kwa macho hayo. Angeweza kuinua sindano aitie uzi, akasahau katikati, akabaki na mikono hewani mpaka mama yake amwite mara ya tatu. Hakuwa mvivu hata kidogo. Ila kitu chochote kizuri kilimchukua, na kikishamchukua hakikumrudisha upesi.

Mumewe, Mikidadi, alikuwa mchoma chokaa. Kila siku aliondoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kwenye tanuri, akarudi jioni na nyusi nyeupe kama mtu aliyezeeka kwa siku moja. Alikuwa mpole, mchache wa maneno. Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la mama yake, Bi Mosi, mjane aliyelima viazi vitamu kwenye ardhi ya kichanga nyuma ya minazi, na ambaye watu wa Mlingotini wote walikubali kwamba viazi vyake havikuwa na mfano. Kwa hiyo Mwaija alipoolewa na Mikidadi, kwa kweli aliolewa na shamba la Bi Mosi.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Jembe lilimtoa malengelenge. Alipopalilia, aling'oa magugu na marando ya viazi pamoja, akayatupa yote. Bi Mosi hakumgombeza. Aliokota yale marando, akayapanda tena, akanyamaza, na kunyamaza kule kukamchoma Mwaija kuliko matusi.

Masika yakaisha, kipupwe kikaingia. Asubuhi ziliamka na baridi, ukungu umelala juu ya matuta kama mtu aliyechelewa kuamka. Siku moja Mwaija alimkuta mkwewe amesimama mwanzoni mwa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jembe liache leo. Njoo nikuonyeshe kazi isiyotaka nguvu."

Akainama kwenye tuta, akafunua majani. Katikati ya marando palikuwa na vichomozo vyembamba, vimejisokota ncha kama miavuli iliyofungwa.

"Haya ni maua, bado hayajafunguka. Unakata hapa kwenye kikonyo, kwa ukucha. Jani usiliguse. Kila asubuhi unapita tuta hadi tuta."

"Kwa nini tuyakate, mama?"

"Ua linakula. Kiazi kina chakula kile kile kimoja. Kikikipeleka juu kwenye maua na mbegu, chini hakibaki kitu. Utachimba utoe vidole."

"Lakini ni mazuri."

"Najua ni mazuri. Nami nina macho. Kata."

Mwaija akaanza. Tuta la kwanza alilimaliza vizuri. Alipofika katikati ya la pili, jua likachungulia kati ya minazi, ukungu ukaanza kuinuka, na yale maua ambayo mikono yake ilikuwa haijayafikia yakafunguka. Hakuona yalivyofunguka. Aliinamisha kichwa, alipokiinua yalikuwa wazi, mamia kwa mamia, rangi ya zambarau iliyofuliwa sana, na ndani kabisa, kooni, doa la zambarau iliyokolea. Umande ulikuwa ndani yake. Nyuki wadogo waliingia wakatoka, wakaingia wakatoka. Akakaa chini mchangani kati ya matuta mawili. Ilimjia kwamba yuko chini ya maji, na yale maua ni midomo ya viumbe wanaotaka kusema neno, na akitulia vya kutosha atalisikia.

Bi Mosi alipokuja adhuhuri ikikaribia, maua yalikuwa yamekwisha kunyauka na kujikunja, kwani ua la kiazi haliishi zaidi ya asubuhi moja. Mwaija alikuwa amekaa pale pale. Tuta moja na nusu tu lilikuwa limekatwa.

Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu pia.

"Mwanangu," Bi Mosi akasema siku ya nne, "unaumwa?"

"Siumwi, mama." Kisha, labda kwa sababu alikuwa bado hajarudi vizuri kutoka huko alikokuwa, akauliza swali ambalo mkamwana hamuulizi mkwewe. "Mama, umewahi kuyaacha?"

"Niyaache ili iweje?"

"Ili ujue kama kweli yanakula."

Bi Mosi akachukua kikapu chake, akaenda zake. Kwa siku mbili hakusema naye moja kwa moja. Alisema na mwanawe wakati wote watatu wamekaa kwenye sinia moja: "Mikidadi, mwambie mkeo mchuzi umezidi chumvi." Na Mikidadi, aliyekuwa katikati kama ukuta wa chokaa yake mwenyewe, aligeuka akamwambia mkewe, "Mama anasema mchuzi umezidi chumvi," na Mwaija akajibu, "Mwambie nimesikia."

Siku ya tatu Bi Mosi alimfuata jikoni. Mwaija alikuwa akikuna nazi; akataka kusimama, yule mama akamzuia kwa mkono, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Kazi hii nilifundishwa na mama yangu," akasema. "Naye na mama yake. Nimekata maua miaka arobaini. Jana nimelala nawaza, sijawahi kuacha hata tuta moja. Umenitia kitu kichwani wewe, na hakitoki."

"Nisamehe, mama."

"Sikuja unisamehe wala nikusamehe. Mwakani tutapanda matuta manane pembeni, mbali na mengine. Manne yangu, manne yako. Yangu nitakata. Yako usiguse hata kikonyo. Tutachimba siku moja, tuone."

Mwaija akaacha kukuna. "Tusiyatenge upande huu na huu, mama. Kule upande wa bondeni kuna unyevu zaidi. Tuyapishanishe. Moja lako, moja langu, kama mistari ya kikoi."

Bi Mosi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Mwaija kumsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa chembamba, cha msichana.

Wakafanya hivyo mwaka 1937. Marando waliyakata kutoka tuta moja, urefu mmoja, wakapanda siku moja masika yakiishia. Kipupwe kilipokuja, watu waliopita njia ya Zinga walisimama kutazama: mstari wa kijani, mstari wa zambarau, mstari wa kijani, mstari wa zambarau. Wengine walisema ni dawa ya kufukuzia nguruwe. Bi Mosi aliinama kila alfajiri kwenye matuta yake, akakata. Mwaija hakuwa na la kufanya kwenye yake, lakini alikuja hata hivyo, akatembea katikati ya mistari miwili na miguu yake mitupu ikilowa umande, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakutamani kurudi mjini.

Mwezi wa tisa wakachimba. Mikidadi aliacha tanuri siku hiyo, akachimba yeye, wao wakapanga viazi kwenye mapakacha. Matuta manne ya Bi Mosi yalijaza mapakacha tisa. Ya Mwaija yalijaza saba, na la nane robo tu. Waliposogeza viazi pembeni kuvitazama, waliona hesabu ya viazi haikupishana sana. Vile vya maua vilikuwa vyembamba zaidi, ndiyo tofauti.

"Umeona," Bi Mosi akasema.

"Nimeona, mama."

Mwaija alingoja asikie zaidi, lakini yule mama hakujivuna. Alikuwa amechuchumaa mbele ya pakacha moja, uso umekunjamana. "Hili tuta lako la mwisho, la huku bondeni," akasema polepole. "Hili limelingana na langu. Kwa nini limelingana na langu?"

"Sijui."

"Nami sijui. Mwakani tena."

Ndivyo walivyoanza, mama mkwe na mkamwana, mchezo ambao majirani hawakuuelewa. Mwaka wa 1938 mvua zilikuwa nyingi na tofauti ikawa ndogo, pakacha moja tu kasoro. Mwaka wa 1939 mvua zilikatika mapema, na matuta ya maua yakatoa nusu ya yale yaliyokatwa. Bi Mosi alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akilitafuna kama mtu mwenye muwa mdomoni. Kisha akasema, "Mvua ikiwa nyingi, kiazi hakijali. Kina cha kutosha cha juu na cha chini. Mvua ikikosekana, hapo ndipo ua linapokuwa mwizi. Miaka yote hii nilikuwa nakata hata pasipo na haja, nikiumia mgongo bure." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina mlango wa pili.

Mwaija alikuwa ameona jambo lingine. Siku ya kuchimba mwaka ule mkavu, akivuta marando yaliyonyauka kwenye tuta lake la kandokando ya uzio, vidole vyake viligusa vitu vidogo vya mviringo, vikavu, vya rangi ya kahawia. Akabonyeza kimoja, kikapasuka. Ndani yake palikuwa na mbegu mbili nyeusi, kila moja kama nusu ya punje ya pilipili manga. Tuta lile lilikuwa jirani na viazi vyekundu vya zamani vilivyojitambalia wenyewe kwenye uzio, ambavyo Bi Mosi hakuwahi kuvishughulikia, navyo vilikuwa vimechanua pamoja na vyake. Kwenye matuta mengine hakupata mbegu hata moja.

"Mama, viazi vimezaa mbegu."

"Viazi havipandwi kwa mbegu, mwanangu. Vinapandwa kwa marando."

"Basi mbegu hizi ni za nini?"

Bi Mosi akarudi kwenye mapakacha. "Una maswali wewe," akasema.

Mwaija alizikusanya, akazifunga kwenye kipande cha kitambaa cha bafta. Mwaka uliofuata alipanda kumi, hazikuota. Mwaka mwingine tena kumi, hazikuota. Wakati huo alikuwa amejifungua binti, Ashura, na mambo ya mbegu yangeweza kusahaulika. Lakini alasiri moja, mtoto amelala mapajani, alikuwa akitarizi kofia ya Mikidadi, na macho yake kama kawaida yakawa mbali. Alikuwa akizifikiria zile mbegu, zilivyo ngumu kama shanga. Maji yanaingiaje ndani ya ushanga? Mkono wake ukaendelea kushona peke yake, sindano ikipenya kitambaa, tundu baada ya tundu, tundu baada ya tundu. Akatazama mkono wake. Akaacha kofia, akaleta kile kipande cha bafta.

Zilibaki mbegu kumi na tisa. Akazikwaruza moja moja kwa ncha ya sindano, ubavuni, mpaka weupe ukaonekana, akaziloweka kwenye kikombe, akazipanda kwenye chungu kilichopasuka mdomo. Siku ya tano kumi na moja zilikuwa zimeota.

Bi Mosi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliinamia kile chungu mpaka pua ikakaribia kugusa udongo. Majani ya kwanza yalikuwa yamegawanyika katikati kama kwato za mbuzi.

"Haya si majani ya kiazi," akasema.

"Ngoja, mama."

Yakaja majani mengine, na hayo yalikuwa ya kiazi, lakini hakuna mche uliofanana na mwenzake. Mmoja ulikuwa na majani ya mviringo, mwingine ya vidole vitano, mwingine mashina mekundu kama damu. Yule mama aliyapapasa yote kwa kidole, moja baada ya jingine, akasema kwa sauti ya chini, "Subhanallah. Ni kama watoto wa nyumba moja. Hawa wote ni ndugu, na kila mmoja na sura yake."

Waliipanda miche hiyo shambani mwaka 1942. Mavuno ya kwanza yalikuwa duni: viazi vingine vilikuwa nyuzi tupu, vingine maji, kimoja kichungu hata kuku walikikataa. Walichagua vitatu, wakakata marando yake. Kisha ukaja mwaka wa njaa, wakati vita vya wazungu vikiendelea huko mbali. Masika hayakunyesha ya kutosha hata kulowesha matuta ndani. Viazi vyeupe vya Bi Mosi, vilivyokuwa havina mfano, vilinyauka. Walikata maua yote mwaka huo, bila mchezo na bila mistari, lakini palipo na vumbi tupu hata kukata maua hakuwezi kuleta maji. Kati ya vile vitatu vipya, viwili vilikufa. Cha tatu, kile chenye majani ya vidole, kilitambaa juu ya mchanga wa moto kana kwamba hakikuambiwa habari za ukame.

Walipochimba tuta la kwanza, Mwaija alichemsha kiazi kimoja, akakimenya, akakiweka mkononi mwa mkwewe. Ndani kilikuwa cha manjano kama kiini cha yai.

Bi Mosi alikula kidogo. Akatafuna muda mrefu.

"Kina rangi gani?" akauliza, maana sasa hakuona vizuri.

"Manjano, mama."

"Kitamu. Si kitamu kama changu."

"Si kitamu kama chako."

"Lakini kipo," Bi Mosi akasema. "Changu kiko wapi? Hiki kipo." Akanyoosha mkono akaupapasa uso wa Mwaija, kwenye paji, kwenye mashavu, kama alivyoyapapasa yale majani. "Miaka arobaini nimekata maua, mwanangu. Sijui nimekata wangapi wa namna hii."

"Usiseme hivyo, mama. Ulikuwa unatulisha."

"Nilikuwa nawalisha. Hilo ni kweli pia."

Hawakula viazi vyote mwaka ule. Walikula kwa kipimo, na marando waliyagawa. Wanawake walikuja kutoka Zinga na Kerege na kanga zimewalegea kiunoni kwa kukonda, na Mwaija aliwakatia kila mmoja mafungu mawili, akawaonyesha jinsi ya kuyalaza mchangani. Mikidadi, ambaye tanuri yake ilikuwa imezimika kwa kuwa hakuna aliyejenga, alibeba mizigo ya marando begani akayafikisha hata Mbegani. Mwaka uliofuata wengi walikuwa na viazi.

Bi Mosi alifariki mwaka 1944, siku ya Ijumaa, baada ya homa ya siku tatu. Mwaija alilia kuliko alivyomlilia mama yake wa kumzaa, na hakuona haya kusema hivyo.

Kuna jambo moja lililomkaa rohoni, na alivyolihisi hakumwambia wazi mtu isipokuwa Mikidadi. Kiazi kile cha manjano hakikuchanua. Mwaka wa kwanza alidhani ni upya. Mwaka wa pili alidhani ni ukame. Kila kipupwe aliamka kwenye ukungu, akafunua majani tuta hadi tuta akitafuta vile vichomozo vilivyojisokota, na hakuviona. Chakula chote kilikwenda chini. Hakuna aliyehitaji kukata kitu. Wanawake walikipenda kwa sababu hiyo hiyo, kwani kiliwapunguzia kazi ya alfajiri, na shamba baada ya shamba, kutoka Mlingotini hadi Kerege, maua ya viazi yakaanza kupungua.

"Unasikitika?" Mikidadi alimuuliza.

"Sijui kama nasikitika," Mwaija akajibu. "Nilitaka kuona lingekuwa na rangi gani."

Mwaka 1957 Ashura aliolewa Vigwaza, na mjukuu wa kwanza alipotimiza siku arobaini Mwaija alikwenda kumtazama. Alipanda lori la mizigo mpaka njia ya Morogoro, akateremka na furushi lake, akakaa kivulini kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha kando ya barabara. Mama yule alikuwa Mkwere, mnene, mchangamfu, mikono haitulii.

"Karibu, dada. Kula kiazi. Hiki si kiazi cha hivi hivi, hiki kinatoka pwani."

Akakivunja. Kilikuwa cha manjano.

"Kinaitwaje?" Mwaija akauliza.

"Kiazi cha Mwaija. Hujakisikia? Na wewe ni wa pwani kwa maneno yako!" Yule mama akasogea karibu, kama mtu mwenye siri. "Hakina maua hiki. Unajua kwa nini? Huyo Mwaija alikuwa mwanamke mkali, mchapakazi hasa, halali. Alikuwa akiyakata maua kila siku alfajiri, hata moja halimpiti, mwaka hadi mwaka, mpaka kiazi chenyewe kikachoka. Kikasema, basi, nimeacha."

Mwaija alimtazama. Barabarani lori lilipita, vumbi likainuka likasimama kwenye jua, jekundu, likining'inia pale bila haraka ya kutua, na macho yake yakalifuata.

"Dada?" yule mama akasema. "Dada, kiazi kinapoa."

"Ndiyo," Mwaija akasema. "Niongezee na chumvi, mama."

Alikula viwili, akamshukuru, akamuuliza njia ya kwenda kwa akina Ashura. Yule mama akasimama kumwonyesha kwa mkono: upite mkorosho ule, uache kisima kushoto, utasikia mtoto analia. Mwaija akajitwika furushi kichwani, akaanza kwenda.